Baba ana saratani ya tumbo, sisi tunamwambia ni vidonda

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia usiku, wote wamelala isipokuwa baba. Namsikia anavyojigeuza kitandani. Nina miaka 34, ni mtoto wa pili kati ya wanne, na mimi ndiye ninayekaa na wazazi hapa Temeke. Baba ana miaka 63. Ni fundi samani. Tangu nipate akili namjua yuko Keko na randa mkononi, na nusu ya vitanda na makabati ya mtaa wetu ametengeneza yeye.

Mwaka jana alianza kulalamika kwamba chembe cha moyo kinamchoma. Duka la dawa walimwambia ni vidonda vya tumbo, wakampa omeprazoli. Akapata nafuu. Ikiisha anakwenda kuchukua nyingine, na miezi ikapita hivyo. Baadaye akawa anashiba kwa matonge matatu tu. Nilimkuta siku moja anatoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari, na halikuwa la kwanza. Mwisho akaanza kupata choo cheusi, akaanguka kiwandani kwake, mafundi wenzake wakamleta hospitali kwa bajaji.

Aliongezewa damu, akamezeshwa ule mpira wenye kamera, kikachukuliwa kinyama. Majibu yametoka: saratani ya tumbo. Kipimo cha CT kimeonyesha imeingia kwenye ini, na kuna maji kidogo tumboni. Daktari ametuambia mimi na kaka yangu kwamba ni hatua ya nne, hawatamfanyia upasuaji, na ataanza kemo, yaani dawa za saratani, katika hospitali ya Ocean Road.

Sasa nyumba haina amani. Kaka yuko Mwanza, anasema tuuze kiwanja cha Chanika baba apelekwe India, na kwamba mimi nikisita nitakuwa nimemuua baba. Shangazi amekuja kutoka Tanga na unga wa mizizi, anasema kemo ndiyo inayoua watu. Mama amekataza baba asiambiwe. Anasema akijua atakufa kwa hofu kabla ya ugonjwa. Kwa hiyo tumemwambia ni vidonda sugu. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, ni vidonda gani hivi mnavyovinong'oneza?" Nikamwambia dawa zinakuja, nikaenda kulia bafuni.

Naomba uniambie ukweli. Kuna matumaini gani? Kwa nini wasimkate waitoe? India wana tiba tusiyokuwa nayo? Nimwambie baba au ninyamaze? Na mimi mwenyewe nina vidonda vya tumbo, je, ugonjwa huu ni wa kurithi? Ningejua mapema nisingemwacha ameze zile dawa mwaka mzima.

Binti wa Fundi, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nasimama pale baba alipokuuliza ni vidonda gani hivyo mnavyovinong'oneza. Nitafika hapo, maana naona mambo yenu mengine yote, hata la India, yamekwama hapo. Ila kwanza nikujibu kuhusu ugonjwa wenyewe. Nimekuwa muuguzi wa wodi miaka mingi kabla ya safu hii, na nimeona familia zikigombana kwa sababu kila mmoja ana picha yake ya ugonjwa kichwani.

Hatua ya nne maana yake saratani imetoka kwenye mfuko wa chakula ikafika mbali. Kwa baba imefika kwenye ini, na maji yale tumboni mara nyingi huashiria kwamba imesambaa pia kwenye utando unaofunika matumbo. Ikishafika hapo, daktari wa Dar na daktari wa Mumbai watakuambia jambo moja: tiba ipo, lakini ni ya kuirudisha nyuma na kuishikilia kwa muda. Kuimaliza kabisa haiwezi. Najua neno hilo ni zito kulisoma usiku peke yako, lakini ukilikosea hili, kila uamuzi utakaofuata utakosewa pia.

Kuhusu muda, umeniomba ukweli, nao ni huu. Mgonjwa wa hatua hii asiyepata kemo kwa kawaida huishi kati ya miezi mitatu na sita tangu agundulike. Wanaopata kemo na mwili ukaikubali, karibu nusu yao hufikia mwaka hivi. Wengine hupita hapo, na wachache huvuka miaka miwili. Hata Marekani, ambako dawa karibu zote zinapatikana, kati ya watu 100 waliogundulika ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, wanaokuwa hai baada ya miaka mitano hawafiki 10. Hizo ni hesabu za watu wengi waliochanganywa pamoja, wazee kwa vijana, wenye nguvu na waliokuwa hoi. Hakuna daktari anayeweza kukutajia tarehe ya baba yako, na akikutajia usimwamini.

Kinachopima mengi ni nguvu alizonazo baba hivi leo. Anaoga mwenyewe? Anatoka nje kukaa barazani? Au anashinda kitandani zaidi ya nusu ya mchana? Daktari atakuuliza maswali hayo, na ndugu wengi hupenda kumpamba mgonjwa ili asinyimwe dawa. Usifanye hivyo. Kemo ikimkuta mtu aliyeisha nguvu inaweza kumwangusha badala ya kumwinua. Daktari akisema tusubiri kwanza aongezewe damu na ale, hajamkatia tamaa.

Kwa nini wasimkate? Hili kaka yako lazima alielewe, maana najua ndilo linalomfanya aione hospitali imezembea. Watafiti wa Japani, Korea Kusini na Singapore walilipima katika utafiti unaoitwa REGATTA, uliochapishwa mwaka 2016. Wagonjwa ambao saratani ya tumbo ilikuwa imeshaenea waligawanywa: kundi moja likapewa kemo peke yake, jingine likaondolewa mfuko wa chakula kisha likapewa kemo. Waliokatwa hawakuishi zaidi ya wenzao. Baba yako mwenyewe angelielewa kwa lugha ya kazi yake: mchwa wakishapanda kwenye kenchi, kung'oa fremu ya mlango hakuokoi nyumba, na mtu aliyetolewa mfuko wa chakula hukaa wiki nyingi akijiuguza kidonda huku kemo ikimsubiri.

Lakini "hatutamkata" haina maana ya "hatutamgusa". Ikitokea uvimbe umeziba njia ya chakula, upo upasuaji mdogo wa kuunganisha njia nyingine pembeni ili chakula kipite, au huwekwa mrija wa waya unaotanuka mle ndani kwa kutumia kamera ileile. Akiendelea kuvuja damu, kuna tiba kwa njia ya kamera, na kuna mionzi michache ya kuikausha damu. Maji yakijaa tumboni hutolewa kwa sindano na mrija, na mgonjwa hupumua vizuri siku hiyohiyo. Kwa hiyo zijue dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kliniki: kutapika chakula cha jana, kutapika damu au kitu kama masazo ya kahawa, choo cheusi cha kunata kama lami, tumbo kuvimba ghafla.

Sasa kemo. Kwa kawaida huanzwa na dawa mbili pamoja, moja ya jamii ya fluorourasili na moja ya jamii ya platini, kama sisplatini au oksaliplatini. Nyingine hutundikwa kwa dripu, nyingine ni vidonge vya kumeza nyumbani, kapesitabini. Huzunguka kila baada ya wiki mbili au tatu, damu hupimwa kabla ya kila duru, na baada ya miezi miwili mitatu hurudiwa kipimo cha CT kuona kama uvimbe umepungua. Ukiwa haukupungua wala kusimama, daktari atabadilisha dawa, pengine paklitakseli, au mtakaa mzungumze kama kuendelea kuna faida.

Mambo mawili ambayo mgonjwa wa Dar huyaona na mara nyingi haambiwi mapema. Akipewa oksaliplatini, asinywe maji ya friji wala soda baridi siku zile za mwanzo za kila duru, hata joto likiwaje. Koo litambana kwa ganzi mpaka adhani anakufa, na vidole vitachomachoma akishika kitu cha baridi. Akipewa vidonge vya kapesitabini, viganja na nyayo zinaweza kuwa nyekundu na kubanduka. Kwa fundi anayeishi kwa mikono yake hilo si dogo. Apake mafuta mikononi tangu siku ya kwanza, na viganja vikianza kuuma mjulishe daktari ili apunguze dozi. Na lile la kufa na kupona: akiwa kwenye kemo akapata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hata usiku wa manane, ni hospitali moja kwa moja. Msimpe panadol mkasubiri asubuhi. Chembe nyeupe za damu zikiwa chini, maambukizi husambaa haraka.

Kuna kipimo kimoja ambacho barua yako haikukitaja, nami nataka ukiulizie kliniki ijayo. Kile kinyama kilichochukuliwa kinahifadhiwa maabara kikiwa kwenye nta, na kinaweza kupimwa kitu kinachoitwa HER2, yaani protini fulani iliyozidi kwenye seli za saratani. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya tumbo anakuwa nacho. Akiwa nacho, dawa ya trastuzumabu huongezwa kwenye kemo, na tangu mwaka 2010 imejulikana kwamba huongeza miezi ya kuishi. Vipo vipimo vingine, PD-L1 na MSI, vinavyoonyesha kama dawa za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu au pembrolizumabu, zinaweza kumsaidia. Kwa wengi nazo huongeza miezi. Wachache wenye MSI ya juu huitikia vizuri mno na kwa muda mrefu. Bei yake ni ya kutisha, na ndiyo maana vipimo hutangulia. Kununua dawa hiyo bila kipimo ni kutupa pesa. Kama baba ana bima, peleka majina ya dawa ofisi ya bima pale hospitali uulize kipi kinalipwa na kipi hapana. Kama hana, nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Hapo ndipo lilipo jibu la India. Kemo atakayoanzishwa kule ni ileile atakayoanzishwa Ocean Road. Wanachoweza kuwa nacho zaidi ni vipimo vya kinyama na zile dawa ghali. Na kinyama kinaweza kusafiri mgonjwa akabaki nyumbani. Ombeni maabara kipande kile cha nta, na CD ya picha za CT, na ripoti zote, vitumwe kwa daktari bingwa mnayemtaka, wa hapa nchini au wa nje, atoe maoni yake. Akijibu kwa maandishi kwamba lipo jambo wanaloweza kumfanyia baba ambalo hapa halifanyiki, na akaandika linatarajiwa kumwongezea nini na gharama ni kiasi gani, hapo mna kitu cha kujadili. Akijibu "mleteni tu, tutaona", kiwanja kisiuzwe. Simlaumu kaka yako. Mtoto aliye mbali na mzazi anayeumwa hutafuta jambo kubwa la kufanya, na kuuza kiwanja ni jambo kubwa. Ila nimeona wagonjwa wakimalizia miezi yao ya nguvu kwenye chumba cha kupanga Chennai, hawaijui lugha, wanatamani sauti ya wajukuu, na huku nyumbani ndugu wanachangishana nauli ya kurudisha mwili. Sitaki baba yako apitie hayo kwa sababu hakuna aliyeuliza swali kwanza.

Na hicho kiwanja cha Chanika ni cha nani?

Ni cha baba. Amekinunua kwa pesa ya randa yake. Mnataka kukiuza ili atibiwe ugonjwa ambao hamjamwambia anao. Atasaini hati ya mauzo akidhani anauza ardhi kwa ajili ya vidonda? Ndiyo maana nilisema kila kitu kimekwama hapo. Wenye haki ya kuamua kati ya India na Dar, kati ya kemo na kukaa bila kemo, si mama, si kaka, si shangazi, wala si wewe. Ni baba. Na daktari hatamtundikia kemo bila ridhaa yake.

Tena huo uongo hautavuka mlango. Katika jiji hili hakuna mtu mzima asiyejua Ocean Road ni hospitali ya nini. Konda akiita kituo, baba atajua anaelekea wapi. Atakaa kwenye benchi na mgonjwa mwenzake aliyenyonyoka nywele, ataulizwa, "Mzee, wewe ya wapi?" Mnataka alijue jambo hili kwa mtu wa benchi? Nami naamini ameshajua nusu yake. Mtu aliyeuliza "mnavyovinong'oneza" hahitaji kuambiwa kwamba kuna siri, anahitaji mtu mmoja nyumbani asiyemdanganya.

Mama namwelewa. Anaogopa kumpoteza mumewe mara mbili, kwanza uso wake halafu yeye mwenyewe. Usimwendee kwa ubishi. Mwambie kwamba baba anakosa usingizi kwa sababu ya kunong'ona kwenu, na kwamba anayeachwa gizani hubuni mabaya zaidi. Muombe akae nawe mnapozungumza. Na msimbwagie kila kitu kwa mpigo. Kaeni naye saa ambayo hana maumivu, mlango umefungwa, simu zimezimwa, na wewe uanze kwa kumuuliza: "Baba, wewe unaonaje ugonjwa wako?" Kisha: "Unapenda tukueleze majibu yote, au tukueleze kidogokidogo?" Wapo wazee watakaosema, "Zungumzeni na daktari nyie, mimi nipeni dawa." Hiyo nayo ni haki yake, mradi amechagua yeye. Akitaka kujua, litaje jina la ugonjwa. Mwambie hauondoki, lakini kuna dawa za kuurudisha nyuma na dawa za kuondoa maumivu, na kwamba hamtamwacha. Halafu nyamaza. Muda wa kunyamaza ndio mgumu, na ndio atakaoutumia kusema lake. Ukishindwa mwombe daktari au muuguzi awakalishe pamoja, ni sehemu ya kazi yetu.

Na lake mtalisikia. Fundi wa Keko mwenye miaka 63 hakosi kabati lililolipiwa arubuni ambalo hajalimaliza. Hakosi mtu anayemdai na mtu anayedaiwa naye. Pengine ana neno la kumwambia kaka yako. Pengine anataka kiwanja kile kiwe cha mama. Pengine anataka kujaribu kemo duru mbili aone, na pengine hataki kabisa. Mkiendelea na hadithi ya vidonda, mnamnyang'anya nafasi ya kuyapanga hayo akiwa bado ana sauti.

Nije kwenye maumivu. Umesema anajigeuza usiku kucha. Hilo linatibika, na lisisubiri kemo. Siku ya kwanza mtakayofika, ulizia kitengo cha tiba shufaa. Watu wakilisikia jina hilo hudhani ni chumba cha kungojea kufa. Tiba shufaa ni ya kuondoa maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi, na hutolewa sambamba na kemo tangu mwanzo. Watamwandikia pengine mofini ya maji. Ni chungu mdomoni, hunywewa kwa kipimo kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Jirani atakuambia mofini humfanya mtu teja au humwahisha kaburini. Kwa mgonjwa wa saratani anayepewa kwa kipimo cha daktari si kweli. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, na sehemu ya usingizi huo ni deni la usiku wote aliokesha. Kitakachomsumbua ni kufunga choo, hivyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile. Wasipoiandika, iombe.

Shangazi usimfukuze na unga wake, maana amekuja kwa mapenzi. Wa umri wangu tunaikumbuka Samunge, Loliondo, mwaka 2011, misururu ya magari na kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, cha shilingi 500. Wapo waliorudi kule wakaacha dawa zao za hospitali, na hilo ndilo ninalolihofia. Mizizi isiyojulikana kipimo inapita kwenye ini, na ini la baba limeshavamiwa na litakuwa linashughulika na kemo pia. Mwambie shangazi kwamba daktari lazima auone unga huo kwanza, na katika wiki za kemo usitumike. Kisha umpe kazi kubwa kuliko unga, yaani chakula. Baba hawezi tena kumaliza sahani. Ale kidogo, mara sita au saba kwa siku, ameketi wima, na asilale mara baada ya kula. Uji mwepesi wenye maziwa na siagi ya karanga, mtindi, supu ya samaki iliyochujwa, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, yai. Maji anywe katikati ya milo ili yasimjaze. Akikataa msimlazimishe wala msimlilie mbele ya sahani. Hamu ya kula inaondolewa na ugonjwa wenyewe, na mgonjwa anayesukumiwa chakula huanza kumkwepa anayemlisha.

Hukumu unayojihukumu kuhusu omeprazoli iweke chini. Saratani hii mwanzoni hufanana na vidonda, na dawa hiyo hutuliza kiungulia cha vyote viwili, ndiyo maana huchelewesha. Hukuwa na njia ya kuijua kwa macho.

Ila wewe mwenyewe usifanye kama baba alivyofanya. Kurithi moja kwa moja ni kwa familia chache. Kilicho cha kawaida ni kwamba watu wa nyumba moja hugawana bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, ambaye wengi huambukizwa utotoni, na ambaye Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani lilimtaja mwaka 1994 kuwa chanzo cha saratani ya tumbo. Wengi walio naye hawapati saratani kamwe. Lakini mtoto wa mgonjwa ana hatari zaidi ya wengine, kwa hiyo wewe na ndugu zako mkapime. Kipimo cha choo kinatosha. Akionekana, mtapewa dawa za kuua bakteria za siku kadhaa mchanganyiko na za kupunguza asidi, mzimalize zote, kisha mpime tena kuhakikisha ameondoka. Na kama wewe unapungua uzito, chakula kinakwama, unatapika mara kwa mara, au damu iko chini bila sababu, usipitie duka la dawa. Kamezeshwe mpira.

Kaka yako mwonyeshe barua hii yote, pamoja na pale nilipouliza kiwanja ni cha nani. Mwambie aje Dar kabla kemo haijaanza, siyo baada. Kuna siku chache tu ambazo baba atakuwa na nguvu ya kukaa na watoto wake wanne na kusema anachotaka, na nauli ya basi kutoka Mwanza haihitaji kuuza ardhi. Wewe tafuta daftari moja, uandike humo majina ya dawa, tarehe, joto la mwili na maswali yote ya kliniki, ukianza na HER2. Majibu ya kipimo hicho yakitoka niandikie, tuangalie pamoja yanasemaje.